Nane Kwenye Mchanga

Pikipiki ilitoka kwenye mnada wa tatu wa korosho,
baada ya kukatwa ushuru na deni la salfa.
Mume wangu alitaka bati.
Nikamwambia, bati halimfikishi mgonjwa Newala.

Miaka kumi na saba nimebebwa upande,
miguu pamoja, kanga imebanwa mapajani,
mkono mmoja kwenye chuma cha nyuma, mwingine kwenye beseni.
Unyagoni nilifundwa kukaa, kuinuka, kujibu bila kukodoa macho.
Klachi hakuna aliyenitajia.

Akanifunza Chilumba, mtoto wa dada yangu,
kijana asiyemaliza sentensi:
"Mama mdogo, achia taratibu, halafu..."
na mimi nimeshaingia kwenye mihogo.

Moja chini, nyingine zote juu.
Nilizirudia nikibangua korosho,
mguu wa kushoto ukigonga kigoda.
Jioni Asumini wangu wa darasa la sita
alinichorea alama kwa mkaa ukutani mwa jiko:
duara, pembetatu, na zile za kukataza.
Rangi nyekundu hatukuwa nayo, akapaka udongo wa uani.
Udongo wetu unatosha kukataza chochote.

Mara ya kwanza nilianguka mtihani
bila kuanguka na pikipiki.
Koplo alichora nane kwa buti uwanjani,
akapanga chupa za maji pale koni zilipopungua.
Tulikuwa ishirini na wawili. Wengine wote vijana wa stendi,
wanaoendesha tangu hawajaota ndevu,
wamekuja kuomba ruhusa ya jambo walilokwisha kulifanya.
Kwenye kiuno cha nane nikatazama tairi.
Mguu ukashuka. Chupa ikalala.
Koplo hakusema kitu, aliandika tu,
na kalamu yake ilipiga kelele kuliko vijana waliocheka.

Wiki tatu nikasomeshwa na mchanga.
Njia ya kwetu Kitangari, ukiukazia macho mchanga unakuvuta,
ukiubana unakutupa.
Nilianguka penye mkorosho wa marehemu Nandonde,
nikaanguka tena palepale,
hadi mkorosho ukanizoea.
Halafu siku moja, nimechoka, nawaza ming'oko niliyoiacha motoni,
nikatazama mbali, nikautafuta moshi wa jiko langu,
na usukani ukanifuata
kama mtoto aliyekwisha kulia.

"Ukikuta pembetatu imesimama kwa kichwa?"
"Napisha."
"Unampisha nani?"
"Aliye kwenye barabara kubwa. Hata akiwa shemeji."
Koplo akakohoa, akageukia makaratasi yake.

Nane niliingia nikitazama mnara wa simu,
nikatoka nikitazama lango.
Katikati sikumbuki.
Chupa zote zilisimama
kama wageni wasiojua wakae wapi.

"Umepita, mama. Kalipie."

Kulipia nako kuna mtihani wake:
foleni, mtandao uko chini, njoo kesho,
na picha ambayo macho yamenitoka
kama niliyeitwa kutoa ushahidi wa wizi wa mbuzi.

Lakini siku ile, pale uwanjani,
nilipiga kiki nikaondoka hatua kumi, nikijua wananitazama,
ikakohoa, ikazima.
Kimya.
Kijana mmoja akainuka: "Mama, nikusaidie?"
Mkono wangu ulikuwa umeshashuka chini ya tangi,
umepapasa koki, umeigeuza kwenda rizevu
bila mimi kuinama.
Hilo koplo hakuliuliza.

Nikapiga tena. Ikaitika.
Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu,
na ndipo nilipojua ukubwa wake:
gunia moja,
au mama mkwe aliyeapa hapandi,
au mtu mwenye homa, usiku,
akinishika kiuno.